Kontrol Boksi Chini ya Pazia

Jumanne ile gari la Constantine liliingia Dutwa mchana kweupe likivutwa na maksai wawili. Tuseme ukweli, halikuingia vibaya. Liliingia polepole, limenyooka, kama bibi harusi anayejua kwamba wali hauwezi kupakuliwa bila yeye. Constantine alikuwa kwenye usukani, vioo vimepandishwa mpaka juu ingawa jua lilikuwa linachoma utosi, kwa sababu aliamini kwamba mtu akiwa nyuma ya kioo watu hawamwoni. Mkewe Elina hakuwa na imani hiyo. Yeye alitembea pembeni ya gari, kanga kichwani, akiwaamkia watu kushoto na kulia kana kwamba maksai walikuwemo kwenye mpango wa safari tangu asubuhi.

Mwenye maksai, mzee Mayunga, alikuwa ameacha kulima ili aje kuwaokoa, na hakuwa mtu wa kuokoa kimyakimya. Kila aliyekutana naye barabarani alimtangazia kwamba amenunua trekta jipya, lina viti na redio, kasoro yake moja tu, linakula majani. Vijana wa bodaboda wakamuuliza linakwenda umbali gani kwa debe moja la pumba. Mzee akajibu kwa uzito kwamba bado wako kwenye majaribio.

Walipofika penye vibanda akawafungua maksai wake, akachungulia ndani ya gari upande wa abiria, akaona mfuko wa barafu umening'inizwa kwa kamba chini ya dashibodi. Akamgeukia Elina.

"Hii barafu ni ya samaki?"

"Ya samaki iko nyuma. Hiyo ni ya gari."

"Gari lina homa?"

"Lina homa, baba."

Mzee Mayunga akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akachukua sato wake wawili wanene aliokuwa ameahidiwa, akaondoka. Watu wakamsikia akiwaeleza maksai kwamba wao angalau wakiugua hawafungiwi barafu shingoni.

Wala Elina hakuwa anatania. Mwanzoni mwa mwezi gari lilianza tabia ya kuzima njiani. Linatoka Lamadi, kule ziwani, na samaki likiwa zima, linakimbia vizuri, jua likishapanda na injini ikishachemka, kimya. Ukilisubiri lipoe, linawaka kama halikufanya kosa. Siku moja lilipozima, Elina akawa anahamisha barafu ili sangara wasiharibike, akautupia mfuko mmoja mbele, miguuni pa abiria, kule nyuma ya kimeza cha dashibodi ambako kontrol boksi limejificha. Hilo ni kisanduku cha bati cha ukubwa wa Biblia, nalo ndilo linaloamua petroli iende lini na cheche iruke lini. Kufumba na kufumbua, gari likawaka. Tangu siku hiyo barafu ikawa dawa. Kila safari walifunga mfuko mmoja juu ya kisanduku kile, na Constantine akawa anawafundisha madereva wengine pale Lamadi kwa sauti ya daktari bingwa. Hakuna aliyejiuliza barafu ikiacha kuwa barafu huwa inakwenda wapi.

Ilikwenda ndani ya kisanduku. Jumanne ile gari halikuzima kwa joto. Lilizima moja kwa moja, na hata lilipopoa halikukohoa.

Samaki waliuzwa palepale Dutwa kando ya barabara, kwa bei ya kuomba radhi.

*

Simu ya Benadetha ilikuja jioni. Benadetha alikuwa mkuu wa jiko katika chuo kimoja mjini Bariadi, na ndiye aliyempa Elina kazi ya kuleta samaki kila Jumanne na Ijumaa, kwa majaribio. Hakupiga kelele. Elina angependa apige kelele, maana mtu anayepiga kelele unaweza kumjibu.

Alisema hana ugomvi na gari la mtu, ila ana wanafunzi wanaokula. Leo wamekula maharage, na wiki iliyopita walikula maharage, na wameshaanza kumwita yeye Mama Maharage. Ijumaa saa nne asubuhi anataka samaki mezani kwake, wabichi, wana barafu. Wasipofika, kazi anampa Salu.

Salu alikuwa mchuuzi mwenzao wa Lamadi, ana pikapu yenye sanduku la baridi na honi inayopiga nyimbo. Habari za maksai zilikuwa zimemfikia kabla gari halijafika Bariadi likiwa juu ya lori. Akapita nyumbani kwao kusalimia, akalizunguka gari mara mbili, akalipapasa bodi, akasema yuko tayari kulinunua kama lilivyo. Anataka kufuga kuku.

"Madirisha linayo tayari," alisema. "Nitaongeza tu wavu."

Constantine alicheka. Elina alimwona akicheka na akajua kwamba kicheko kile kitakuja kuwagharimu usingizi, kwa sababu Constantine hakuwahi kucheka namna ile ila pale alipokuwa anafikiria kukubali. Na sababu alikuwa nazo. Method, fundi wa gereji, alikuwa amelitoa kontrol boksi, akalifungua, akachungulia ndani na kuuliza kama walikuwa wanafuga chura humo. Kulikuwa na unyevu, na kutu ya kijani. Method alisema mwenyewe bila kuona haya kwamba yeye ni mtu wa spana. Ndani ya kile kisanduku mna mji mzima na yeye hajui hata mtaa mmoja. Lingine lililotumika lingeweza kuagizwa Dar es Salaam, lingefika wiki ijayo, kwa bei ya ng'ombe wawili wazima. Constantine na Elina hawakuwa na ng'ombe hata wa kuchorwa ukutani.

"Kuku nao ni biashara," alisema Constantine usiku ule, akiwa amelala chali anatazama bati.

"Baba Kija," alisema Elina, "ukimuuzia Salu hilo gari, mimi nitahamia humo na kuku wake. Kesho tunakwenda kwa mama."

Constantine akakaa kitandani.

"Kwa mama yako? Mimi nitakaa wapi?"

*

Swali lilikuwa la haki. Kwao Elina, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hampi mkono, wala hawatazamani usoni. Mjini wengi wameshaacha. Wanakaa na wakwe zao kochi moja na kugombea rimoti. Nyamizi, mama yake Elina, hakuacha. Siku moja alikutana na Constantine ghafla sokoni. Constantine alijitupa nyuma ya magunia ya mchele, na Nyamizi akageukia ukuta, akausoma ule ukuta, ambao haukuwa na maandishi, mpaka Elina alipompa taarifa kwamba njia ni nyeupe. Wote wawili waliondoka wamefurahi sana. Kila mmoja alimsifu mwenzake kwa Elina kwamba ni mtu mwenye heshima.

Kwa hiyo Jumatano mchana, nyumbani kwa Nyamizi pale Somanda, Constantine alikaa barazani juu ya kigoda, uso kaelekeza barabarani kama mlinzi wa benki, na Elina akaingia ndani na kontrol boksi limefungwa kwenye kanga. Kati yao palikuwa na mlango wazi wenye pazia la maua.

Nyamizi alikuwa anachagua mchele kwa vidole, maana macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu na hospitali ilikuwa imempangia siku ya kuyasafisha. Alisikiliza kisa chote, cha joto, cha barafu, cha maksai. Elina alipofika kwenye kamba na mfuko, mama yake akauweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Likipata joto linanyamaza, likipoa linaimba," alisema alipomaliza kucheka. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, mayu," alijibu Elina, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Basi lilikuwa halijafa. Redio za watu zilikuwa zinaletwa hivyohivyo kila kiangazi. Ni ile risasi ya kulehemu iliyoshika miguu ya vidude, inapasuka. Ufa mwembamba kama unywele. Joto likija, ufa unaachia. Baridi ikija, unashikana. Ninyi badala ya kuuziba ufa mkauogesha."

Marehemu mumewe, Nkinda, alikuwa na meza ya kutengeneza redio sokoni Bariadi kwa miaka mingi, na bango lenye jina lake kwa rangi nyekundu. Nyamizi hakuwahi kuficha ukweli wa meza ile. Mumewe alikuwa fundi wa kupokea, alisema, na kupokea alijua: anasikiliza, anaguna, anataja bei. Kulehemu alilehemu yeye, Nyamizi, nyuma ya kabati, kwa sababu mikono ya Nkinda ilikuwa inatetemeka kama mtu anayedaiwa kodi. Hata siku ya mazishi aliwaambia hivyo waombolezaji, na hakuna aliyeona ajabu ila mchungaji.

Akainuka, akapapasa juu ya kabati, akashusha boksi la bati lenye chuma cha kulehemu, msokoto wa risasi, kisu kidogo, waya wa shaba na mwingine wa shaba uliosukwa. Akaanza kuuzungusha waya wa shaba kwenye pua ya kile chuma, akaacha ncha moja imechomoza nyembamba. Pua ya zamani ilikuwa ya redio, alieleza, nene kama kidole gumba. Kwenye mji huu mdogo unaingia na kidole cha mwisho.

"Mikono ninayo," alisema. "Macho sina. Huyo aliyekaa nje anaona?"

"Anaona, mayu. Kuona tu ndiyo kazi anayoiweza leo."

"Basi mwambie atakuwa macho yangu. Asiingie."

Kazi ikaanza, na kazi ya Elina ikawa kulivuka pazia. Kwanza alitoa nje kile kibao cha kijani kilichokuwa ndani ya kisanduku, Constantine akakitazama kwa kamera ya simu iliyokuzwa mpaka mwisho. Nyamizi akauliza kutoka ndani kama anaona duara lolote jembamba jeusi limeuzunguka mguu wa kidude. Maneno hayo Constantine aliyasikia vizuri kabisa, maana pazia ni kitambaa, lakini hakujibu mpaka Elina alipotoka na kuyarudia. Heshima ni heshima.

Constantine akasema mwambie mama kila mguu una duara. Nyamizi akasema mwambie hata jicho la kuku lina duara, atofautishe duara na duara. Elina akatoka, akasema mama anakuomba uangalie vizuri zaidi. Constantine, ambaye alikuwa ameyasikia ya kuku, akaangalia vizuri zaidi. Na kweli: chini ya kidude kimoja kikubwa cheusi kulikuwa na miguu ambayo risasi yake ilikuwa imeachana nayo, kama kope imeachana na jicho. Elina akaiwekea kila mmoja nukta ya rangi ya kucha.

Kutu ya kijani ikasuguliwa kwa spiriti na mswaki. Mswaki ulikuwa wa Constantine, Elina alikuwa amekuja nao kutoka nyumbani, na mwenyewe alikuja kujulishwa baadaye sana. Kisha Nyamizi akainama mezani. Miguu yenye nafasi aliilehemu bila kuhangaika. Rangi nyekundu ya kucha aliiona kama kivuli, akakwangua, akagusa kwa ncha, akahesabu kimoyomoyo, akalisha risasi. Moshi wenye harufu ya utomvu ukapanda, na hata kwa macho yale yenye ukungu aliona risasi iking'aa ilipoiva. Uso wake ukawa wa msichana.

Shida ilikuja kwenye plagi, pale nyaya zote za gari zinapoingilia. Miguu yake ilikuwa imesongamana kama meno ya kitana, na mitatu ya katikati ilikuwa imeliwa na kutu. Hapo kivuli hakikutosha. Elina akapata wazo la kisasa. Akapiga simu ya video. Simu moja akaishika juu ya meza, nyingine akampelekea Constantine barazani, ili aone na kuongoza. Ilikuwa busara kubwa isipokuwa kwa jambo moja. Kutoka mezani mpaka barazani ni hatua chache, lakini picha ilizunguka kwanza ikasalimia minara yote ya mkoa wa Simiyu. Constantine aliiona ncha ya chuma ikiwa bado haijafika wakati imeshafika.

"Mwambie bado kidogo," alisema nje.

"Bado kidogo," alisema Elina ndani.

Nyamizi akasogeza kidogo.

"Mwambie asimame," alisema Constantine, lakini risasi ilikuwa imeshakimbia, imeiunganisha miguu miwili iliyotakiwa isifahamiane kabisa.

Hata aliyekuwa nje alijua maana yake. Kisanduku kikirudishwa garini namna ile, ndiyo kwaheri, hakuna wa kukifufua. Nyamizi alikiweka chuma kwenye kibati chake.

"Sioni, mwanangu," alisema taratibu. "Mwambie mumeo anisamehe. Sioni."

Elina hakumwambia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa amekasirika kikweli. Alifikiria Ijumaa, na Salu, na wavu wa kuku. Alifikiria kwamba nyumba ile ina macho mazima mawili na mikono mizima miwili, na kilichokosekana ni mtu wa kuvikutanisha. Mtu huyo alikuwa yeye, na alikuwa amechelewesha kazi.

"Mimi nimejiuzulu," alisema kwa sauti ya kufika barazani. "Kuanzia sasa mtasemeshana wenyewe."

Akaishika meza, akaivuta. Miguu ya meza ikakwaruza sakafu mpaka mlangoni, na nusu yake akaisukuma nje. Pazia la maua likaiangukia meza katikati, kama shuka iliyogawa kitanda. Upande wa ndani akamwekea mama yake kiti. Upande wa nje akamwamuru Constantine ageuze kigoda chake. Kisha akakunja ncha ya chini ya pazia kiganja kimoja tu, ipite mikono na kibao, basi. Uso hauonekani. Chumba si kimoja. Mmoja yuko ndani, mwingine yuko nje.

Nyamizi alikaa muda akitafakari kama sheria imevunjika. Elina aliona midomo yake ikijadiliana na mtu asiyekuwepo, labda Nkinda, labda mama yake mzazi. Mwishowe mikono miwili yenye mishipa ikapita chini ya pazia na kutokea barazani.

Constantine aliitazama mikono ile. Hakuwahi kuiona kwa karibu.

"Mayu," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo kwa mwenyewe, na lilitoka limekwaruza.

Pazia likatikisika. Kisha likasema, "Naam."

"Risasi imefunga mguu wa pili na wa tatu."

"Najua ilichofanya. Chukua huo waya wa shaba uliosukwa, uulaze juu yake. Usiniguse."

Akaulaza bila kumgusa. Ncha ya moto ikaja juu ya waya, na risasi yote ya ziada ikapanda ndani ya msuko wa shaba kama mchuzi unavyopanda kwenye mkate. Miguu miwili ikaachana. Constantine akatoa pumzi.

"Imetoka, mayu. Safi kabisa."

"Sasa niongoze. Na usiseme bado kidogo. Kidogo chako mimi sikijui. Sema unywele, sema punje ya mchele."

"Kushoto, punje ya mchele. Tena nusu punje. Hapo."

"Wapi?"

"Hapo ulipo, mayu."

"Nilifika kabla hujasema."

Mguu wa kwanza ukashika. Wa pili ukashika. Kwenye wa tatu Constantine alisogeza uso karibu mno, moshi ukamwingia, akapiga chafya, na mama mkwe akaondoa chuma haraka kuliko kijana yeyote, akauliza kama macho yake yamepata mafua. Constantine akasema samahani, mayu, ni vumbi. Pazia likasema vumbi lina adabu, halipigi chafya kazini. Elina akawa amekaa chini ukutani, miguu kainyoosha, akiwasikiliza wakiendelea kunong'onezana punje na unywele. Alijikuta hana kazi yoyote, na hakumbuki lini mara ya mwisho hilo lilimtokea.

*

Alhamisi mchana gereji ya Method ilijaa watu ambao hawakuwa na gari la kutengenezwa. Vijana wa bodaboda walikuja kuona gari la ng'ombe wawili, ndilo jina walilolipa. Method akalirudisha kontrol boksi mahali pake. Constantine akageuza funguo.

Kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka.

Mtu mmoja nyuma akaanza kulia kama ndama. Method akakuna kichwa, akafungua boneti, akaangalia, akaifunga tena nusu, akasema kwa sauti ndogo kwamba aliondoa waya wa betri juzi na amesahau kuurudisha. Akaurudisha akiwa ametazama chini.

Constantine akageuza tena, na gari likawaka.

Hakuna aliyeshangilia, maana wote walijua ugonjwa wake: kuwaka halikuwa tatizo, tatizo lilikuwa joto. Elina akachomoa kwenye begi mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni ya jirani, akaichomeka, akaikalisha miguuni pa abiria ikipuliza moto moja kwa moja kwenye kisanduku, vioo vikafungwa. Wakasubiri. Fundi akashika bati la kisanduku, akauondoa mkono haraka. Injini ikaendelea kunguruma. Aliyelia kama ndama aliulizwa sasa alie kama nini, akasema anatafakari. Baada ya muda saluni ilimtuma mtu kuja kudai mashine, kwa sababu kuna bibi harusi kichwa kimelowa, na gari bado lilikuwa linanguruma.

Elina akampigia mama yake simu, akaielekezea kwenye injini. Nyamizi alisikiliza muda mrefu.

"Haina mikwaruzo," alisema. "Stesheni imeshika. Mwambie..." Akasita. "Hapana, mpe simu nimwambie mwenyewe."

Alimwambia nini hakuna ajuaye. Constantine alisema tu ndiyo, mayu, mara nne, na baadaye alipoulizwa alisema ni mambo ya mafundi.

*

Ijumaa waliondoka Lamadi jua likiwa ndiyo linapasha. Nyuma walikuwa na sato na sangara kwenye masanduku, barafu yote juu ya samaki. Constantine aliendesha kama anabeba mayai, na kila mlima mdogo Elina alikuwa anabana vidole vya miguu ndani ya ndala kana kwamba anasukuma. Jua likapanda. Mshale wa joto ukapanda, ukakaa pale ambapo siku zote mambo huharibika. Wakapita mahali ambapo gari lilizoea kuzimia. Wakapapita.

Walifika chuoni kabla ya saa nne. Constantine akarudi kinyumenyume mpaka mlango wa jiko, akaacha injini ikiwaka, akaanza kushusha masanduku mbiombio. Benadetha akatokea na aproni yake, mwanamke mpana mwenye hatua za taratibu. Akamfungua sato mmoja mashavu, akatazama wekundu, akambonyeza, akanusa. Akafanya hivyo kwa sangara. Akafanya hivyo kwa karibu nusu ya mzigo, kama mtu anayetafuta sababu. Kisha akanyoosha kidole kwenye gari.

"Moshi unaingia kwenye wali wangu. Zimeni hilo."

Elina na Constantine wakatazamana. Barabarani gari lilikuwa limevumilia joto likiwa linakwenda. Lakini kulizima likiwa limechemka na kuliwasha papo hapo, hicho ndicho kitu ambacho halikuwahi kukiweza bila barafu, hata siku moja.

"Likipoa kidogo, mama," alianza Constantine.

"Nimesema zimeni. Au mnavutwa na maksai tena?" Wapishi walicheka ndani. Habari zilikuwa zimefika na huku. "Elina, nikuambie ukweli. Samaki ni wazuri. Lakini mimi sinunui samaki wa leo, nanunua wa Jumanne, na wa Ijumaa ijayo, na wa muhula mzima. Nataka kuona kitu kinachowaleta."

Constantine alibaki na sanduku mikononi. Elina akaenda mlango wa dereva, akafungua, akapanda. Alijua kuendesha, ingawa kwenye safari za samaki usukani ulikuwa wa mumewe. Akazima.

Ukimya ulikuwa mkubwa kuliko alivyotegemea. Bati la boneti lilikuwa linatoa mlio wa kuchemka. Wapishi walikuwa wamesimama mlangoni na miiko. Benadetha alikunja mikono kifuani. Elina hakusali, hakukuwa na muda. Alifikiria tu vidole vya mama yake vikitokea chini ya maua ya pazia, vikisubiri kuambiwa viende wapi. Akageuza funguo.

Liliwaka nusu ya mgeuzo. Halikukohoa, halikusita.

Benadetha akaitikia kwa kichwa mara moja, akawaambia wapishi waingize samaki, wamesimama kama wamelipiwa tiketi. Akamwambia Elina Jumanne alete zaidi, kuna wageni, na kwamba yeye mwenyewe atampigia Salu simu kumwambia asisubiri. Kisha akarudi jikoni na sato mmoja mkononi, akiwa amemshika mkia.

Constantine akapanda upande wa abiria. Alikuwa amelowa jasho na barafu, na alikuwa anacheka, safari hii kile kicheko chake kingine.

"Zima tena," alisema.

Elina akazima. Akawasha. Likawaka. Akazima. Akawasha. Likawaka. Mlinzi wa geti, ambaye alikuwa amelifungua geti kitambo na kuchoka kulishikilia, akaja mpaka dirishani.

"Mama, mnaondoka au mnafundishana?"

"Tunaondoka," alisema Elina, akalizima gari tena, ili aliwashe.